Sumu ya mwani inapozama: yanayoipata katika mashapo ya ziwa na katika udongo wa shamba

Kina cha Ziwa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Kila ziwa au bwawa linapofunikwa na utando wa kijani, mjadala huwa mkali kwa muda ule ambao utando bado unaonekana. Upepo ukishausukuma kando na maji yakarudi kuwa maangavu, watu huona jambo limekwisha. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya jambo lenyewe huanzia pale pale tunapoliachia. Sumu iliyotoweka majini imekwenda mahali fulani, na yanayoweza kuwa yameipata ni mambo matatu yaliyo tofauti kabisa: imevunjwa hadi ikaacha kuwa sumu, au imenata kwenye chembe za udongo ikiwa bado nzima, au imehama, ikaingia katika mwili wa konokono na kome, katika maji ya chini ya ardhi, au katika shamba linalomwagiliwa. Anayepima maji peke yake huona namba ikishuka tu, na namba hiyo haimwambii ni lipi kati ya hayo matatu lililotokea.

Tuanze na wahusika. Mwani wa kijani-bluu ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, yaani sianobakteria, na baadhi yao hutengeneza sumu. Microcystis, Planktothrix na Dolichospermum hutengeneza mikrosistini, ambayo ni pete ya asidi amino saba. Aina zake zinazojulikana zimepita 250, na iliyochunguzwa zaidi ni mikrosistini-LR. Pete hiyo huzuia vimeng'enya vya fosfatasi ndani ya seli za ini, na kuchemsha maji hakuiharibu. Nodularini ni ndugu yake mdogo, pete ya asidi amino tano, inayotengenezwa na Nodularia katika maji ya chumvi kidogo kama ya Bahari ya Baltiki. Silindrospermopsini na anatoksini-a ni alkaloidi, yaani molekuli ndogo zenye nitrojeni: ya kwanza hudhuru ini na figo, ya pili hushika mishipa ya fahamu. Nazitaja kwa majina kwa sababu kila moja hufika chini ya ziwa kwa tabia yake, na kosa ninaloliona mara nyingi katika mijadala hii ni kuzizungumzia zote kana kwamba ni kitu kimoja.

Uzito wa jambo hauhitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazili, maji yenye mikrosistini yalitumika katika kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya watu 50 walikufa. Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu hiyo hiyo kutoka Ziwa Erie.

Sasa, sumu hufikaje chini? Mwani wa Microcystis ukiwa na afya, sehemu kubwa ya mikrosistini imo ndani ya seli, kwa hiyo njia ya kwanza ni seli nzima kuzama pamoja na mzigo wake. Microcystis huzama msimu wa baridi na kukaa juu ya tope kwa miezi ikiwa hai, kisha hupanda tena maji yanapopata joto. Tope la namna hiyo lina ghala hai la sumu, mbali na ile iliyonata kwenye chembe. Njia ya pili ni seli kupasuka, sumu ikayeyuka majini, ikakutana na chembe za udongo zinazoelea na kushuka nazo. Mwanga wa jua peke yake hauiwezi mikrosistini safi. Huivunja haraka pale tu rangi za seli zilizopasuka au asidi za mboji zinapoudaka mwanga na kuusaidia. Sentimita chache ndani ya tope, msaada huo haupo kabisa.

Nitaendelea na habari ya kunata kwa chembe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha yote. Maswali yanakaribishwa.

Mwanamaabara

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Kabla hujaendelea, naomba uligusie jambo moja linalotusumbua sisi tunaopima. Sampuli mbili za mashapo, yaani tope lililotuama chini ya ziwa, zilizopewa kiasi kile kile cha mikrosistini hurudisha viwango tofauti mno tunapozikamua kwa methanoli, kiyeyusho cha maabara: ya kichanga hurudisha karibu yote, ya mfinyanzi hurudisha sehemu ndogo. Watu husoma matokeo hayo wakasema kwamba mfinyanzi umeiharibu sumu. Mimi siamini hivyo.

Kina cha Ziwa

Nakubaliana nawe, na sababu yake iko katika umbo na chaji za molekuli yenyewe.

Mikrosistini-LR ina makundi mawili ya asidi yaliyo wazi na kundi moja la arijini (mojawapo ya zile asidi amino saba) lenye chaji chanya, kwa hiyo katika maji ya kawaida jumla yake ni chaji hasi. Nyuso za madini ya mfinyanzi nazo ni hasi. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia visukumane, na kwa kiasi fulani husukumana, ila molekuli hii ina njia nyingine za kushika. Upande wake wa arijini huvutwa na uso hasi wa madini. Ayoni za metali kama kalisi, chuma na shaba husimama katikati kama daraja, zikishika mfinyanzi kwa mkono mmoja na kundi la asidi kwa mkono mwingine. Na ule mkia mrefu wa molekuli uitwao Adda, usiopenda maji, hujificha kwenye mboji. Hii ndiyo sababu montimorilonaiti, mfinyanzi unaovimba na wenye nyuso nyingi za ndani, hushika mikrosistini kuliko kaolini, na mchanga mtupu hushika kidogo sana. Mikrosistini-RR, yenye arijini mbili, kwa kawaida hunata kuliko LR.

Kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ndicho kinachotawala mlango wa kuingia na kutoka. pH ikishuka, makundi ya asidi hupoteza chaji yake hasi na kunata huongezeka. Ikipanda, sumu hubaki majini. Hapa pana jambo ambalo naona halitiliwi maanani ipasavyo. Mwani unaostawi hufyonza kaboni dioksidi mchana kutwa na kuyapandisha maji hadi pH 9 au zaidi, maana yake ni kwamba wakati wa kilele chake mwani huyaweka maji katika hali isiyofaa kunata. Ukifa na kuoza, pH karibu na tope hushuka, na huo ndio wakati sumu iliyotoka kwenye seli hupata nafasi ya kushikwa na chembe. Miezi ya baadaye, mwani mwingine ukistawi juu ya tope hilo katika ziwa la kina kifupi, na upepo ukilikoroga, sehemu ya sumu ya zamani inaweza kuachiliwa tena. Atakayepima maji wiki hiyo ataidhania yote kuwa ni mpya.

Mboji ina sura mbili. Ikiwa kidogo, hufunika nafasi za mfinyanzi na kupunguza kunata. Ikiwa nyingi, yenyewe hugeuka kuwa kishikio. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kunata inayofaa kwa mashapo yote, na anayeazima namba ya ziwa moja kulikadiria jingine anafanya kazi ya kubahatisha.

Alkaloidi ni habari nyingine kabisa. Anatoksini-a hubeba chaji chanya katika maji yasiyo na alkali nyingi, ikashikwa na mfinyanzi kwa kubadilishana ayoni, na ile inayobaki kwenye maji ya alkali yenye mwanga huvunjika haraka. Silindrospermopsini hubeba chaji chanya na hasi kwa pamoja, hupenda maji mno, na haishikwi sana na chochote. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa yake hutoka nje ya seli hata seli zikiwa bado hai. Kwa hiyo, ukiniuliza ni sumu ipi ya kuhofia zaidi kupenya mchanga na kufika kwenye kisima kilicho kando ya ziwa, nitakutajia hiyo kabla ya mikrosistini.

Nikirudi kwenye swali lako: unachokiona ni kushikwa, wala si kuharibika. Ila mfinyanzi ukishika sana, bakteria nao hupata taabu kuifikia sumu iliyojificha, na kwa njia hiyo kunata kunaweza kuirefushia sumu maisha badala ya kuyafupisha.

Msomaji wa Mbali

Nimesoma kwa makini, ila napata shaka moja. Ninavyofahamu, wapo bakteria wanaoila mikrosistini, nao wanapatikana maziwa mengi. Kama tope limejaa bakteria, kwa nini tusiseme kwamba tope ndilo mahali salama zaidi pa sumu hiyo kwenda?

Kina cha Ziwa

Shaka yako ina msingi, na sehemu yake ni kweli. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Australia walieleza bakteria wa kundi la Sphingomonas anayeivunja mikrosistini hatua kwa hatua, kisha wakaonyesha kwamba kazi hiyo inaongozwa na jeni nne zilizopewa majina mlrA, mlrB, mlrC na mlrD. Kimeng'enya cha kwanza hukata pete kati ya Adda na arijini, na kukata huko peke yake kunatosha kuipunguza nguvu mikrosistini-LR kwa takriban mara 160. Vinavyofuata huikata molekuli iliyonyooka katika vipande vidogo zaidi. Bakteria wenye jeni hizo au zinazofanana nazo wamepatikana baadaye katika maziwa, mito, vichujio vya mchanga na udongo wa nchi nyingi, na pia kuna mahali ambapo sumu huvunjika bila jeni hizo kuonekana, kwa hiyo njia ni zaidi ya moja.

Ila kila neno katika habari hiyo lina sharti lake. La kwanza ni muda wa kusubiri. Sumu ikifika mahali isipofahamika, hupita siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au tatu, kabla kiwango hakijaanza kushuka, kwa sababu wenye uwezo wa kuila ni wachache na inabidi waongezeke kwanza. Mahali penye historia ya mwani wa sumu, muda huo hufupika sana. Mashapo ya ziwa linalochafuka kila mwaka huwa tayari. Udongo wa shamba unaopata maji hayo kwa mara ya kwanza huwa hauko tayari.

Sharti la pili ni joto, na la tatu ni oksijeni. Milimita za juu za tope zina oksijeni; chini yake, katika ziwa lenye rutuba nyingi, haipo. Uvunjaji bila oksijeni hutokea, na uwepo wa nitrati umeonekana kuusaidia, ila kwa kawaida ni wa polepole zaidi na hautabiriki. Ndiyo sababu wanaotumia kingo za maziwa na mito kuchuja maji ya kunywa kwa njia ya asili huogopa hali ya kukosa oksijeni ndani ya mchanga: maji yanaweza kupita kabla ya bakteria kumaliza kazi.

Kwa hiyo tope la juu, lenye joto na oksijeni na bakteria waliozoea, ni mahali pazuri pa sumu kuishia. Tope hilo hilo likifunikwa na sentimita 10 za mashapo mapya linakuwa ghala. Viini vya mashapo, yaani nguzo za tope zilizotolewa kwa bomba zikiwa na tabaka zake, vilivyochimbwa katika maziwa ya Kanada vimekutwa na mikrosistini katika tabaka zilizowekwa miongo mingi iliyopita, jambo ambalo lisingewezekana kama kila kilichozama kingeliwa. Watafiti wanaotafuta historia ya mwani huufurahia uthabiti huo, na wana haki, kwa kuwa ni kumbukumbu ya thamani. Kwa mwenye kulisimamia ziwa, ni deni lililofukiwa.

Na wapo wanaokula tope. Konokono, kome na mabuu wa wadudu huchukua sumu hiyo, na huwa chakula cha samaki na ndege. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa vifo vya fisi-maji wa baharini 21 katika ghuba ya Monterey huko California, waliokufa kwa mikrosistini; sumu ilitoka kwenye maji baridi ya nchi kavu, ikashuka baharini, na majaribio yakaonyesha kwamba chaza na kome huikusanya katika miili yao. Ile sumu kwenye maji matamu ilikuwa «imetoweka».

Bustani ya Bondeni

Ndugu Kina cha Ziwa, mimi si mtaalamu, ni mtu ninayelima mboga kwa maji ya bwawa. Maji yakiwa ya kijani tunaambiwa ni mbolea, na wapo wanaokusanya utando wenyewe wakauchanganya na udongo. Nielewe nini kutokana na mjadala huu?

Kina cha Ziwa

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza, kwa sababu swali lako ndilo lenye chakula cha watu ndani yake. Nitajibu kwa urefu.

Ni kweli kwamba mwani una nitrojeni na fosforasi, na kwamba shamba linanufaika navyo. Ni kweli pia kwamba udongo wenye unyevu, joto na hewa ni mahali ambapo mikrosistini huvunjika vizuri: katika majaribio mengi, kiasi kilichowekwa kimepungua nusu ndani ya muda wa kati ya wiki moja na wiki tatu hivi. Anayeisikia namba hiyo hupumua. Lakini shamba la umwagiliaji halipewi sumu mara moja tu.

Chukua mfano wa udongo ambao sumu hupungua nusu kila baada ya siku 14, na shamba linalopewa kiasi kile kile kila siku 7. Kabla ya umwagiliaji wa pili bado kuna karibu asilimia 71 ya kile cha kwanza, na mambo yakiendelea hivyo mrundikano hukaribia dozi tatu na nusu na kukaa hapo kwa msimu wote. Udongo haujashindwa kazi yake. Unavunja kila siku. Ila shamba haliwi tupu hata siku moja, na mizizi huishi ndani ya kiwango hicho tangu kuota hadi kuvunwa.

Mimea nayo ina fosfatasi zinazozuiwa na mikrosistini, kwa hiyo kiwango kikiwa kikubwa mbegu huota vibaya na mizizi hudumaa. Hilo ni dhara kwa mavuno. Dhara kwa mlaji ni kwamba mimea huifyonza sumu, kwa kawaida ikabaki zaidi mizizini kuliko kwenye majani na matunda, kwa hiyo mazao yanayoliwa mizizi na majani yanahitaji uangalifu kuliko yanayoliwa nafaka au tunda lililo mbali na udongo.

Namna ya kumwagilia ina uzito mkubwa. Maji yakirushwa juu ya majani, makundi ya seli hukauka juu yake. Mwaka 1999 watafiti wa Uskoti waliripoti kwamba saladi iliyonyunyiziwa maji yenye Microcystis ilibaki na makundi ya seli na mikrosistini kwenye majani baada ya maji kukauka. Na kukauka si kufa kwa sumu: huko Australia, utando uliokauka ufukweni ulikutwa bado una mikrosistini baada ya miezi mingi, hadi 6, na ulipoloweshwa tena sumu ilitoka upesi. Umwagiliaji wa matone chini ya mmea huuacha udongo ufanye kazi yake kabla jani halijaguswa. Kuosha husaidia kwa kilicho juu ya jani, hakusaidii kwa kilicho ndani, na kupika hakutegemewi hata kidogo.

Nikupe kipimo cha kufikiria. Shirika la Afya Duniani limetumia kiwango cha mikrogramu 0.04 za mikrosistini-LR kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kama kiasi kinachoweza kuvumilika kwa maisha yote. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni mikrogramu 2.4, kwa mtoto wa kilo 15 ni 0.6. Mboga ikiwa na mikrogramu 12 kwa kila kilo mbichi, mtu mzima hufikia kikomo kwa gramu 200, mtoto kwa gramu 50, kabla hajanywa maji wala kula samaki. Ndiyo maana sipendi kusikia mwongozo wa maji ya kunywa, ambao ni mikrogramu 1 kwa lita, ukitajwa kana kwamba maji yakiwa chini au juu yake kidogo shamba limeshahukumiwa. Kwa shamba inabidi kuhesabu wingi wa maji yanayomwagwa, mara ngapi, juu ya udongo gani, na zao gani linaliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiweke utando mbichi kwenye mboga za majani. Ukitaka rutuba yake, uchanganye na mabaki makavu ya mimea, uuozeshe kwa wiki kadhaa ukiugeuza ili upate hewa na unyevu ukibaki, kisha uupeleke kwanza kwenye miti au mazao ambayo sehemu yake inayoliwa iko mbali na ardhi. Lundo lililokauka na kuachwa tu halijaoza, limehifadhi. Wakati maji ni ya kijani kibichi, chota mbali na upande ambako upepo unarundika utando na chini kidogo ya uso wa maji, na uelekeze maji kwenye udongo badala ya jani. Udongo wako ukiwa wa mchanga na kisima kiko karibu, jali zaidi, kwa sababu mchanga haushiki.

Msomaji wa Mbali

Nashukuru, shaka yangu imejibiwa kwa sehemu kubwa. Limebaki moja. Mamlaka nyingi za mabwawa hutumia salfeti ya shaba kuua mwani, na nyingine huchimba tope na kulitoa. Katika mizani ya hayo uliyoeleza, hatua hizi mbili zinaonekanaje?

Kina cha Ziwa

Shaba huua seli, na seli ikifa hupasuka. Mwaka 1979, katika Palm Island nchini Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa salfeti ya shaba baada ya mwani kustawi, na siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Chanzo kilihusishwa baadaye na silindrospermopsini. Kwa ghafla sumu iliyokuwa ndani ya seli ikawa ndani ya maji, ambako vichujio vya kawaida haviikamati. Hilo linajulikana kwa wengi. Lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba shaba haivunjiki. Hushuka kwenye mashapo na kubaki huko mwaka baada ya mwaka, ikawa daraja la kuishikiza mikrosistini kwenye chembe na, ikizidi, ikawadhuru bakteria wale wale tunaowategemea waile. Bwawa linalotiwa shaba kila msimu linajiongezea ghala na kujipunguzia wafanyakazi kwa wakati mmoja. Siwezi kuiunga mkono kama desturi, hata pale inapoyasafisha maji kwa haraka.

Uchimbaji wa tope una hoja nzuri upande wake, kwa sababu hutoa fosforasi inayolisha mwani wa kesho pamoja na makundi ya Microcystis yanayosubiri joto. Katika mashapo yasiyo na oksijeni, fosforasi iliyofungwa na chuma huachiliwa na kurudi majini, kwa hiyo ziwa linaweza kuendelea kuchafuka hata baada ya mito yake kusafishwa. Ninachokitaka ni kwamba tope hilo lipimwe kabla halijatolewa, na lipimwe kwa tabaka, kwa sababu la juu na la sentimita 30 chini si tope moja. Kuchimba hulikoroga, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye lundo hubeba kile kilichokuwa kimeyeyuka kati ya chembe. Lundo likiwekwa juu ya mchanga karibu na visima, tumeihamisha sumu tukaiita usafi. Likitandazwa kwa unene mdogo juu ya udongo wenye mboji na mfinyanzi, likapata hewa na unyevu kwa miezi kadhaa kabla ya kupandwa chochote, bakteria wanapata wanachokihitaji. Nisisitize unyevu: anayelikausha tope haraka kwa jua kali ili lisafirishwe kwa urahisi anasimamisha kazi ya kuvunja.

Mwanamaabara

Basi hapo linarudi suala letu la kupima. Ukisema tope lipimwe, lipimwe vipi, ikiwa tumekubaliana kwamba methanoli haitoi kilichoshikwa?

Kina cha Ziwa

Nadhani jibu la kweli ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi, na ripoti inayotoa namba moja bila kueleza ilivyopatikana haimsaidii anayepaswa kuamua.

Ningependa kuona namba tatu kwa kila tabaka. Ya kwanza ni ya maji yaliyo kati ya chembe, ambayo hupatikana kwa kuzungusha sampuli mbichi kwa kasi na kupima maji yanayotengana. Hiyo ndiyo inayoweza kuhama leo. Ya pili ni ya kile kinachokamuliwa kwa methanoli yenye asidi, au kwa EDTA pamoja na pirofosfeti ya sodiamu, ambavyo huzishika metali na kuyavunja yale madaraja niliyoyataja. Hiyo inaweza kuhama mazingira yakibadilika, na ndani yake imo sumu ya seli zilizolala, kwa hiyo darubini isisahaulike. Ya tatu hupatikana kwa kuoksidisha sampuli nzima ili mkia wa Adda ukatwe na kugeuka asidi ndogo inayojulikana kwa kifupi kama MMPB, ambayo hupimwa badala ya sumu yenyewe. Njia hiyo hukamata hata mikrosistini iliyofungamana na protini, isiyotoka kwa kiyeyusho chochote. Udhaifu wake ni kwamba huhesabu pia vipande vilivyokwisha kukatwa na bakteria lakini bado vina Adda, vyenye sumu kidogo sana, na baadhi ya vipimo vya kingamwili vina udhaifu unaofanana. Tofauti kati ya namba ya pili na ya tatu ndiyo inayosema ni kiasi gani kimefungwa au kimekwisha kukatwa, na kuvitenganisha hivyo viwili kunahitaji kromatografia yenye spektrometa ya masi, yaani mashine inayotenganisha molekuli na kuzitambua kwa uzito wake.

Jambo la mwisho, kuhusu ule utaratibu wa kuongeza kiasi kinachojulikana kwenye sampuli ili kuona kinarudi kiasi gani. Uendelee, kwa kuwa bila huo hatuna chochote, ila sumu iliyoongezwa asubuhi na kukamuliwa jioni haijapata muda wa kuingia katika nyufa za mfinyanzi ambamo ile ya asili imekaa kwa miaka. Ukiweza, iache wiki mbili gizani na kwenye baridi ndani ya sampuli iliyouliwa bakteria wake, kisha ndipo uikamue. Ikirudi pungufu kuliko ile ya siku ya kwanza, upungufu huo umetokana na kushikwa, kwa kuwa hapakuwa na mdomo wa kuila.